Cherehani ya Nyamizi kwa Maneno

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Asubuhi nzima vitambulisho vya mizigo. Kikapu cha dagaa, kitanda cha kamba, magunia ya karanga. Naandika, nafunga kamba, naandika. Tangu watu waanze kuhamia vijiji vipya, chumba chetu cha vifurushi hapa stesheni hakina pa kukanyaga. Kila familia inasafiri na nyumba yake nzima.

Treni ya kutoka Mwanza iliingia saa sita. Mama mmoja akaja dirishani. Nyamizi, mtu wa Lusu. Mtu mzima, magoti mabovu. Alipakia cherehani yake Bukene, na kwenye behewa haimo. Anahamia kijiji kipya karibu na Kaliua, kwa mwanawe. Kamati ya kijiji imemtengea chumba cha kushonea sare za shule. Bila cherehani ni jembe na shamba la pamoja.

Nikamuuliza ikoje. Akasema ni cherehani. Nikapeleka telegramu stesheni zote: cherehani moja nyeusi imepotea. Nikaona nimemaliza.

Jumanne, 6 Agosti

Majibu. Shinyanga wanayo. Kigoma wanayo. Dodoma wanazo mbili. Zote nyeusi. Nilicheka, halafu nikaona haya. Niliandika aina ya kitu. Kitu chenyewe sikukiandika.

Ndugu Kasanda, mkuu wangu, hakushangaa. Mwezi uliopita alikuwa Dar, akaonyeshwa kompyuta. Inalishwa kadi zenye matundu. Anasema haina macho wala haiulizi swali, kilichoandikwa ndicho kitu, basi. Huko walifundishwa mpangilio mmoja usiobadilika: aina, rangi, alama, kasoro. Nimetembea nalo hilo hadi nyumbani. Hamisi, karani mwenzangu wa Dodoma, ana tofauti gani na kompyuta? Namjua kwa telegramu tu. Naye anachokiona ni maneno yangu.

Jioni nikafanya jaribio. Nililiandika dele moja la kahawa la mama, la shaba, la wastani, nikampa mdogo wangu Asha karatasi akalichague kabatini. Alileta lingine. Nikaongeza: mdomo umepinda kushoto. Akalipata papo hapo. Mama anadhani nimechoka na kazi. Sijachoka hata kidogo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nyamizi amefikia kwa jamaa zake Itetemia. Anakuja kila siku kwa miguu, na magoti yale.

Leo nilimkalisha. Akaanza na baba yake, mrina asali wa Sikonge, aliyeuza nta akamnunulia mashine. Habari nzuri. Lakini Hamisi hawezi kuiona nta hiyo.

"Mama, mtu asiyeijua akiitazama, ataona nini?"

Akafumba macho. "Ataona mkono wa kuzungushia si wake. Ule wa chuma ulivunjika, fundi akanichongea wa mbao ya mninga. Na juu ya kifuniko pana doa la kuungua. Mwanangu aliisahau pasi hapo."

Nikaandika yote, kwa mpangilio wa Kasanda. Aina, rangi, alama, kasoro. Nilipomaliza niliiona cherehani mezani, na mezani hapakuwa na kitu. Kasanda akaagiza tangazo libandikwe kila stesheni. Najivunia.

Jumanne, 13 Agosti

Siku mbaya.

Telegramu ya Hamisi. Cherehani ipo Dodoma, ni mojawapo ya zile mbili. Na mwenyewe ameshafika kuidai. Mwanamume. Anasema ni ya mkewe. Ametaja mkono wa mninga, ametaja doa la pasi. Hamisi anauliza ampe?

Ameyasoma ukutani. Maneno yaliyomsaidia Hamisi kuitambua yamemsaidia na mwizi kuidai. Sikulifikiria hilo hata mara moja.

Nikajibu: usitoe, ngoja. Kasanda akanipa baiskeli yake. Itetemia jua kali, mchanga tele, nikashuka nikasukuma. Nyamizi alikuwa anapepeta mchele. Nilipomweleza akauweka ungo chini.

"Kuna jambo la cherehani hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Uliniuliza mtu ataona nini." Akafikiri. "Pembeni mwa kitako pana kijisanduku cha kuwekea bobini za uzi. Ukikivuta hakitoki ng'o. Unakisukuma ndani kwanza, kinaruka chenyewe."

Nikarudi mbio. Telegramu: mwambie akifungue kijisanduku. Namna ya kukifungua nikamwandikia Hamisi peke yake, asimwonyeshe mtu.

Hadi naondoka, hakuna jibu.

Jumatano, 14 Agosti

Jibu limekuja asubuhi. Yule bwana alivuta, akavuta, akaomba bisibisi. Hamisi akamwambia arudi na mkewe. Akatoka na hajaonekana tena. Kisha Hamisi akasukuma mwenyewe. Kikaruka.

Nilimsomea Nyamizi telegramu. Akakaa sakafuni, hapohapo kati ya magunia, akalia kimya. Nami nililia. Kasanda akajifanya anatafuta gundi.

Nimeomba matangazo ya zamani yabanduliwe. Sasa naandika ya kutosha kukitofautisha kitu na wenzake, na jambo moja nalibakiza la kumuuliza anayedai. Lipi la kusema, lipi la kubakiza, naona kila kitu kina lake. Nilimuuliza Kasanda kompyuta itajuaje la kutosema. Hajui. Anasema atakayeiandikia maagizo ndiye atakayejua. Natamani kumwona mtu huyo akifanya kazi.

Jumatatu, 19 Agosti

Cherehani ilifika jana. Leo Nyamizi ameondoka nayo.

Treni ya kwenda Kaliua ilichelewa. Akaiweka mashine juu ya benchi letu, akaunga mfuko wa turubai uliochanika, kisha shati la Kasanda kwapani. Wasafiri wakasogea kutazama. Mkono wa mninga unatoa mlio mdogo ukizunguka.

Nikaandika kitambulisho. Akaniomba nimsomee. Nikasoma: cherehani ya mkono, nyeusi.

"Si nyeusi," akasema. "Ilikuwa nyeusi. Tazama."

Nikatazama. Ni kweli. Begani mwa mashine rangi imelika, imekuwa kijivu, pale kiganja chake kinapokaa akishona. Nimekuwa nikiiandika cherehani hii wiki mbili, na leo ndiyo mara ya kwanza kuiangalia.

Nikalifuta neno nyeusi, nikaandika upya: nyeusi iliyolika, begani kijivu. Nikamsomea. Akasema hapo sawa. Tukaipandisha pamoja kwenye behewa, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine. Shikamoo, marahaba, safari njema. Treni ikaondoka.

Mchana vifurushi vichache. Nilifagia.