Mistari Miwili ya Chaki

Jumatatu, 3 Machi
Shafti ya kinu cha miwa cha Kabras. Mzee Lihanda, fundi wa kuchonga vyuma hapa karakana, ameichonga vizuri. Nimeichoma hadi ikawa nyekundu, nikaitosa kwenye mafuta. Sasa ni ngumu, lakini haifai bado. Isiporudishwa kwenye moto mdogo kwa muda wa saa mbili, itavunjika kama sahani. Kwetu mstari mmoja wa chaki ni kwamba imetoka kwenye mafuta. Wa pili ni kwamba imepata moto mdogo. Nimechora yote miwili mara moja, kama kawaida yangu. Mikono inakuwa na mafuta baadaye. Kisha stima ikapotea. Nitamaliza Jumatano.

Jumanne, 4 Machi
Bukura, mazishi ya shangazi. Sikulia.

Jumatano, 5 Machi
Shafti haipo. Mzee Lihanda aliona mistari miwili, akawapa watu wa kinu. Nilipaswa kupiga simu. Sikupiga. Labda itashika.

Alhamisi, 6 Machi
Sijapiga.

Ijumaa, 7 Machi
Imevunjika. Shikuku, anayelisha miwa kinuni, amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Ndiye hutuletea sukari nguru ya chai hapa karakana. Jioni nimekula ugali wote uliokuwa kwenye sahani. Sijasikia ladha yoyote.

Jumatatu, 10 Machi
Mwenye karakana amesema kosa ni la Mzee Lihanda, eti aliacha kona kali mahali shafti inapopungua unene. Amemfukuza. Mzee amesema tu, "Mimi niliona laini mbili za chaki. Sisi tunaangalianga chaki." Kisha akanitazama. Nilimshikia mfuko akitia ovaroli yake ndani. Najichukia, lakini kwa mbali, kama mtu nisiyemjua.

Jumatano, 12 Machi
Watu wa kinu wameleta vipande vya shafti. Mvunjiko ni safi, unang'aa punjepunje kama chumvi. Shafti iliyopata moto mdogo hujipinda kwanza kabla ya kukatika. Hii haikujipinda hata kidogo. Hapa ni mimi tu ninayejua kusoma hilo. Nimevifunika kwa gunia.

Alhamisi, 13 Machi
Nimesema. Nimetoa gunia, nikawaonyesha. Mwenye karakana aliniuliza mara mbili, kisha akaniambia nisirudi. Kutoka hapo nikaenda hospitalini. Shikuku aliuliza, "Dada, ulisahau?" Nikamwambia hapana, nilijua tangu Jumatano. Akageukia ukuta. Nikaondoka.

Jumapili, 16 Machi
Mzee Lihanda amepita kwangu baada ya kanisa. Amerudishwa kazini. Shafti mpya iko tayari. Aliketi mwenyewe kando ya tanuru saa zote mbili. Nikamuuliza alichora mstari wa pili lini. Akasema, "Mwisho."

Nimepika chai. Nguru ya mwisho aliyotuletea Shikuku, niliyoondoka nayo karakana, ilikuwa kwenye mkebe, mezani. Tumekunywa bila sukari.