Risasi za Bunduki ya Mjomba

Mjukuu wangu Deo,

Huku mtaani kwetu Umbilo tuko wazima; bibi yako bado anasuka nywele saluni, magoti yakimsumbua. Ila swali lako limenichosha. Bunduki ya kale ya jeshi uliyorithi kwa mjomba, unataka kuijazia baruti katika maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa?

Ujanani, kaka yangu Tomasi alijaza ya kwake hivyohivyo. Nikamwambia, "Hii ganda iko na ufa."

"Si unaona imeingia vizuri?" akajibu, akiisukuma bundukini.

Alipofyatua, bunduki ikampasukia usoni. Alipona, lakini jicho moja lilikufa. Mpaka leo tukipigiana simu hubisha kwamba risasi iliingia vizuri.

Usiniletee ubishi huo. Ipeleke bunduki hiyo kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Akikataa kuigusa, nawe usiiguse.

Babu yako, anayekupenda kwa hasira.