Swali la Kila Alfajiri kutoka Ihanja

Dodoma, 28 Novemba 2024

Baba, shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi mzima. Tangu nilipokosa mazishi ya mama, hupokei simu zangu, ndiyo maana barua hii nimempa Paskali wa basi.

Usipande. Kile kioo cha simu unachobonyeza kuulizia mvua chenyewe hakijui kitu. Kinapeleka swali kwenye mtambo unaopiga hesabu huku, kisha kinakuonyesha jibu. Kazi yangu ni kuangalia hao wawili wanavyosemezana. Tangu Jumapili mtambo umenyamaza, ila kioo kinarudia jibu la zamani: "Panda." Nimewaambia wakubwa, wanasema tusubiri. Mbegu ya uwele ya mama iache palepale juu ya jiko.

Binti yako,
Theodora

Ihanja, 1 Desemba 2024

Theodora, marahaba. Tu wazima, miguu ndiyo ileile. Siku ya kumzika mama yako ulisema mtambo hauachiki. Leo mtambo huohuo umekuwa mwongo? Asubuhi nimeuliza, umesema panda. Kesho tunapanda.

Baba yako

Ihanja, 18 Januari 2025

Mwanangu, habari za huko? Huku tunashukuru Mungu, tunapumua.

Uwele uliota vizuri, jua likaukausha wote. Nilipanda mbegu yote, sikubakiza hata ya kumgawia shangazi yako Yunisi. Mama yako aliipata kwa mama yake, mimi nimeimaliza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Nilikukasirikia, nikaacha kuongea na wewe. Lakini kila nikiamka niliuliza ile simu, hata kiangazi. Nilijua ni kazi ya mikono yako. Ikiandika jibu, naona mwanangu amenijibu. Barua yako mwenyewe ilipokuja nikaiweka chini ya taa. Najuta, mama.

Baba yako

Dodoma, 22 Januari 2025

Baba, shikamoo. Nimesoma, nimelia.

Nilikuwa nakuona. Maswali yote hupita mbele yangu, na kutoka Ihanja lilikuja moja kila alfajiri, iwe mvua, isiwe mvua. Nilijua ni wewe. Nikasema baba mzima, nikapunguza kupiga, mwisho nikaacha kabisa. Hata siku ile ya kukuonya nilisingizia kwamba hupokei, nikaandika, sikupiga. Hilo ndilo linaloniuma.

Mtambo umepona, ila swali la Ihanja haliji tena.

Jumamosi nakuja. Nitaanzia kaburini kwa mama. Ukitaka kujua nimefika wapi, usiulize kile kioo. Nipigie, nitapokea.

Binti yako,
Theodora