Mikononi mwa Asiyekuwepo

Kibaoni, 18 Juni 1976

Dada Hilaria,

Kitenge ulichonitumia kimefika, nacho kimenikaa vizuri. Mpunga mwaka huu umekubali, tumeanza kuvuna. Shemeji yako Damiano hajambo, ila siku hizi ananiangalia sana.

Lile jicho langu lilikuwa limepona, dada. Vidonge vya daktari wa misheni viliondoa maumivu ndani ya siku mbili, na jicho lililokuwa limekwama likaanza kugeuka tena. Alinionya nisiviache ghafla. Lakini jirani yangu Natalia naye aliumwa macho, na mimi nilijiona mzima, nikampa vyote vilivyobaki.

Sasa nyuma ya jicho kunachoma kama kaa la moto. Halitaki kugeuka, naona vitu viwili viwili. Hapa naandika nimelifunga kwa kitambaa.

Mama usimwambie. Jana shambani nilitaka Natalia anishikie Ponsian. Nikaona akina Natalia wawili, wote wamenyoosha mikono. Nikamwachia mtoto mikononi mwa yule asiyekuwepo.

Aliangukia juu ya mpunga uliokatwa, hakuumia. Sasa hivi analia, nami sithubutu kumnyanyua. Njoo umchukue.

Mdogo wako,
Eufrazia