Chuma Hakikuyeyuka

Jumatatu, 4 Machi

Nimezima redio kwa hasira mpaka kitufe kikabaki mkononi. Yule mtangazaji tunayemwita Kasuku – leo tena! Eti chuma hakiyeyuki kwa mafuta ya ndege, kwa hiyo mnara ulilipuliwa. Anasema kwa raha, kama anatangaza matokeo ya mpira. Na wasikilizaji wanapiga simu: naam, naam, sisi tulijua.

Watu wamekufa mle! Ndege ya mizigo iliugonga mnara, ukasimama ukiwaka zaidi ya saa nzima, halafu ukashuka wote. Shemeji yangu, mume wa Dada, alikuwa zimamoto. Alipanda ngazi na mpira wa maji begani, na mpaka leo hatujapata hata kofia yake. Mimi niko kwenye tume inayochunguza kwa nini jengo lilianguka. Injinia wa majengo ya chuma, kazi yangu ya maisha. Lakini anayesikilizwa ni Kasuku.

Kibaya zaidi, Dada naye anamsikiliza. Alikuja jioni, hakukaa hata vizuri.

"Wewe umesoma. Niambie, chuma kiliyeyuka au hakikuyeyuka?"

Nikasema hakikuyeyuka.

"Si ndiyo hivyo!" Akapiga meza, chai ikamwagika.

Nikamwambia hakikuyeyuka kwa sababu hakikuhitaji kuyeyuka ili kianguke. Akaniangalia kama nimemtukana marehemu.

Jumatano, 6 Machi

Nimempeleka Dada karakana ya chuo. Maneno yamenishinda, basi aone kwa macho.

Fundi wa tanuri aliweka boriti mbili za chuma, pacha, kila moja na mzigo wake juu. Moja tupu. Nyingine imevikwa koti la kuzuia moto – ile plasta nyepesi ya kijivu, ukiikwaruza kwa ukucha inatoka. Akawasha. Tukachungulia kwenye kidirisha.

Ile tupu haikuwa hata imeiva nyekundu sawasawa, ikaanza kulegea. Polepole, katikati, kama kamba ya nguo iliyobebeshwa blanketi lililolowa. Hakuna hata tone lililoyeyuka. Mwenzake bado amenyooka.

Dada akanigeukia: "Kwa hiyo pale juu koti lilitoka."

Nikamwambia ndiyo. Ndege ilikata nguzo kadhaa, zilizobaki zikabebeshwa mzigo wa wenzao. Mshindo ukapukutisha koti. Mafuta yenyewe yaliungua upesi – lakini yalishawasha viti, mazulia, makaratasi, ghorofa kwa ghorofa. Sakafu zikalegea, zikazivuta nguzo kwa ndani, nguzo zikapinda. Zilipopinda, ghorofa zote za juu zikakosa pa kusimama. Zikazishukia za chini. Na hakuna sakafu inayojengwa ili idake ghorofa kumi zinazoanguka!

Nilidhani atapata nafuu. Wapi! Njiani alilia, tena kwa hasira.

"Afadhali bomu," akasema. "Bomu lina mwenyewe. Wewe umeniletea moto. Moto nitaushtaki wapi?"

Nimemkasirikia, na mimi mwenyewe najua sina haki ya kumkasirikia.

Ijumaa, 8 Machi

Sasa jibu la Dada ninalo. Na hawataki nilitoe!

Vipande vya mnara vimelazwa kwenye uwanja nyuma ya reli. Wiki hii tumefikia boriti za ghorofa za chini, ambako ndege haikufika wala moto haukufika. Tupu! Si kwamba koti lilibanduka siku ile. Vibano vya mabomba ya viyoyozi vimefungwa moja kwa moja kwenye chuma, na kutu imeota kuvizunguka. Kutu ya miaka. Maana yake walipofunga viyoyozi walikwangua koti, na wenye jengo hawakuona haja ya kulirudishia. Nani atatazama juu ya dari?

Kama chini ni hivyo, je juu, kulikoungua? Huenda chuma kilikuwa uchi hata kabla ya ndege. Hata koti lingekuwepo, jengo lingeanguka tu, pengine. Lakini si upesi vile. Pengine zimamoto wangewahi kushuka.

Pengine.

Mwenyekiti wa tume aliniita ofisini. Sauti ya asali, kama kawaida yake.

"Binti yangu, ndege ndiyo iliyoangusha jengo. Watu tayari wamechanganywa na redio. Usiwaongezee."

Nikamwambia Kasuku anasema kulikuwa na baruti, mimi nasema hakukuwa na plasta. Ni mamoja hayo?

"Na ushahidi wa ghorofa zilizoungua uko wapi?"

Uko uwanjani, nikamjibu, hatujamaliza hata nusu ya lundo. Akavua miwani, akaifuta taratibu. "Tutaona."

Tutaona! "Tutaona" ya wakubwa ni hapana iliyovaa suti. Na mimi nikasemaje? "Sawa, Mzee." Sawa! Ningeung'ata ulimi huu mpaka utoke damu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia Dada habari za vibano. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: uwanja uko upande gani wa reli?

Jumatatu, 11 Machi

Naandika ndani ya gari, hapa hapa uwanjani. Naandika nisije nikaambiwa kesho kwamba niliota.

Asubuhi fundi wa tanuri alinipigia: malori yameingia, wanabeba. Nikafika mbio. Kweli! Mafundi wa gesi wanakata boriti vipande vipande, winchi inapakia, lori la kwanza limeshaondoka. Msimamizi ananiambia bila haya kwamba kibali kipo, uwanja unahitajika, vyuma chakavu vinakwenda kiwandani. Kufanywa nini? "Kuyeyushwa, mama. Nini kingine?"

Kuyeyushwa! Siku ile hakikuyeyuka. Kinakwenda kuyeyushwa leo!

Nimempigia Mwenyekiti. Inaita mpaka inakata. Tena. Tena.

Dada alifika kabla yangu. Sikujua. Nilimwona pale nilipogeuka – amekaa juu ya boriti iliyokwisha kufungwa minyororo, mkoba mapajani, kama yuko benchi la hospitali akisubiri daktari. Mwendesha winchi kamwomba ashuke, hataki. "Basi mimi sinyanyui mtu," naye kashuka kwenye mtambo, kakunja mikono. Msimamizi anapiga kelele peke yake.

Dada akaniita: "Mdogo wangu! Njoo uangalie. Ndiyo hii?"

Nikainama. Imepinda, nyeusi kwa masizi. Namba ya ghorofa bado inasomeka – ni ya juu, kulikoungua. Na kibano kimeing'ata, chuma kwa chuma, na kutu nene chini yake.

"Ndiyo hii, Dada."

"Basi piga picha. Halafu wapigie hao wakubwa zako."

Picha nimepiga. Wakubwa hawapokei. Gari la polisi limeingia getini, msimamizi analipungia mkono. Wameshuka wawili, wanamwelekea Dada. Yeye hawatazami. Ananitazama mimi, huku kwenye gari.

Amesogea kidogo. Ameacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake.