Baba Mdogo Anajifunza Mboji

Dada yangu,

Huku sote wazima, na paa la kituo chetu cha mafunzo halivuji tena. Tumepata wanafunzi wapya wa kutengeneza mboji. Mmoja ni baba mdogo, yuleyule aliyetufukuza kwa panga kwenye shamba la marehemu baba.

"Mwanangu, ardhi imechoka, haitoi kitu," aliniambia bila haya.

"Karibu, baba. Tutaiponya," nikamjibu.

Namfundisha vizuri, simfichi kitu. Anabeba samadi mpaka mgongo unamuuma, na udongo umeanza kurudisha weusi wake.

Wakili yuko tayari kufungua kesi ya kulidai shamba letu. Nimemwomba angoje kwanza baba mdogo amalize kupanda.

Funga mizigo, dada. Tutavuna sisi.

Mdogo wako asiyesahau