Msumari wa Normand

S.L.P. 41,
Fort Kent, Maine.
9 Novemba, 1994.

Mpendwa Shangazi Léonie,

Na ndipo simu ikakatika, nikiwa nimefika tu kwenye neno "kidole". Najua umekaa huko Lowell ukiwaza mabaya, kwa hiyo nianze na hili: Normand ana vidole vyote kumi. Nimevihesabu tena leo alfajiri akiwa amelala.

Goti lako limeipokeaje baridi? Na kifua cha Mjomba Aurèle? Sisi wazima, na mimi bado ni bibi harusi. Leo siku ya thelathini na tisa, na kila nikisikia buti zake barazani moyo unanienda mbio. Nisamehe, nitajaribu kusema na mengine.

Unakumbuka nilimwapisha pale kanisani asiivue pete hata siku moja, ukanicheka. Sasa, kwao kwenye kiwanda cha mbao haingii mtu na pete. Mlangoni pana ubao wa misumari, kila msumari na jina, na waliooa hutundika pete zao hapo kabla ya kazi. Normand hakutaka kuvunja kiapo. Alikuwa akiizungushia plasta kama mwenye kidonda, halafu anavaa glavu. Wenzake wakamtania, "Bwana harusi, mkeo anakung'ata?" Naye akawajibu, "Kila siku, na hajashiba."

Aliponisimulia nilicheka mpaka machozi. Nilijiona napendwa kuliko wanawake wote wa bonde hili. Hilo ndilo linaloninyima raha, Shangazi. Nilijua, na nilifurahi.

Jumanne ya wiki iliyopita aliruka kutoka juu ya rundo la mbao, pete ikanasa kwenye bolti. Mwili ulishuka, kidole kikabaki juu. Mungu alitaka bolti iwe imelegea, ikang'oka. Kidole kilishonwa nyuzi kumi na moja, na pete ikakatwa kwa koleo.

Msimamizi wao, mzee Réginald, ndiye aliyemleta nyumbani. Nilimwekea chapati zetu za ployi zikiwa moto, hakugusa. Alivua glavu akaweka mkono wa kushoto mezani, karibu na siagi. Pale pa kidole cha pete hapakuwa na kitu.

"Na mimi nilikuwa bwana harusi," akasema.

"Mzee, mimi niliapa," Normand akamwambia.

"Kwa nani?"

"Kwa huyu hapa."

"Basi huyu hapa akufungue. Nikiiona plasta tena nakufukuza. Afadhali unichukie ukiwa na kidole cha kuninyooshea."

Nilimfungua kiapo palepale. Lakini alipoondoka mzee, Normand akasema kiapo cha kanisani hakifunguliwi jikoni, na pete ikiungwa ataivaa vilevile. Tangu hapo sikai. Napanga vikombe, navipangua.

Jana nikaenda kiwandani mwenyewe. Nikamwomba mzee msumari, nikaugonga kwenye ubao, nikaandika NORMAND, kisha nikavua pete yangu nikaitundika hapo. Mama anasema nimejitafutia mkosi.

Leo ndiyo siku yake ya kwanza kurudi, na sikumwambia. Nimekuandikia tangu asubuhi nikisikiliza king'ora. Kimelia saa sita, cha chakula tu, nami nikasimama katikati ya jikoni kama mtu aliyeitwa.

Nimerudi kwenye kalamu. Alikuja kula. Aliiacha supu ikapoa, akaniangalia kidole kitupu.

"Ule msumari wako umeupinda," akasema.

"Sikuzoea nyundo."

"Sijali. Pete mbili zitakaa."

Shangazi, nililia ndani ya supu.

Yake bado imekatika. Mwambie Mjomba Aurèle atuwekee tayari vifaa vyake vya sonara, haturuhusu mkono mwingine uiguse. Wasalimie pia Claudette na pacha wake. Mungu awalinde mikono na magoti, awape usingizi ambao mimi sina.

Tutapanda basi Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Kabla mwezi haujaisha utatuona mlangoni kwako, na pete mfukoni.

Wako akupendaye,
Odile